Mgeni Hakosolewi

Sengondo hakuwa na jino la juu upande wa kushoto. Hakuwa na kiti ambacho miguu yake minne ilikubaliana. Hakuwa na cheti chochote kilichopigwa muhuri kabla hajatimiza miaka thelathini, maana kusoma alisomea ukubwani, jioni, katika darasa la watu wazima waliosinzia kwa zamu. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mke, kwa kuwa Mwanakheri alikuwa amelala kilimani mwaka wa sita sasa. Hakuwa na adui anayemjua kwa jina. Hakuwa na kivuli saa sita mchana, lakini hilo halihesabiki, kwa sababu saa hiyo hakuna aliye nacho. Na hakuwa na mtu wa kumkosoa. Hili la mwisho hakulijua, na mtu asiyejua anachokosa hujiona tajiri.

Mji aliokuwa akiishi haukuwa na jina. Si kwamba jina lilisahauliwa. Wenyeji hawakuwahi kulihitaji, kwani mtu haiiti nyumba yake kwa jina akiwa ndani. Wageni ndio waliouliza, na kila mmoja alipewa jina lake la kumridhisha. Katikati ya mji ulisimama mnara wenye saa ya nyuso mbili. Uso uliotazama lango ulionyesha saa ya wageni, ambao huanza kuihesabu siku katikati ya giza, watu wote wamelala. Uso uliotazama chemchemi ulionyesha saa ya wenyeji, ambao huanza kuhesabu jua likichomoza, kama watu wenye akili. Mashine ilikuwa moja. Kati ya uso na uso palikuwa na ukuta wa unene wa shibiri moja na tofauti ya saa sita. Ndiyo maana mgeni na mwenyeji waliweza kukaa meza moja, wakala sahani moja, na bado mmoja akawa yuko saa saba na mwenzake saa moja.

Na palikuwa na mila. Mgeni hakosolewi. Mgeni akimwamkia mtoto wa miaka mitano shikamoo, mtoto huitikia marahaba bila kucheka, kwa kuwa amefundishwa. Mgeni akienda msibani akasema hongera, wafiwa huitikia ahsante. Ilisemekana kwamba mgeni akikosolewa, maji ya chemchemi hushuka kidole kimoja. Badala ya kukosolewa, mgeni husifiwa. Akitamka maneno matatu tu, watu hushika vifua: "Jamani, anajua huyu! Au ulizaliwa hapa?" Naye mgeni hufurahi, hutamka maneno yale yale matatu kesho na kesho kutwa, na kwa sababu anajua, haongezi la nne.

Sengondo alikuwa Mwalimu wa Sebule. Kazi hiyo alipewa na Ofisi ya Mlango alipokuwa kijana, naye aliishika kama mtu anavyoshika ufunguo. Aliwafundisha watalii wa siku tatu, wanaoshuka na kofia pana wakipungia mikono hata mbuzi. Hao mji uliwatengenezea maneno yao maalumu, kama viti vya plastiki vinavyotolewa mgeni anapobisha hodi. Jambo lilikuwa kiti cha plastiki. Hakuna matata kilikuwa kiti cha plastiki. Wenyewe hawakuyakalia kamwe. Yalirudishwa ghalani basi likiondoka, yamepangwa moja juu ya jingine. Aliwafundisha pia wale wa kukaa mwaka, miaka miwili, wenye kazi zao za kupima udongo na kuchanja watoto. Hao aliwapa salamu, shukrani, maneno ya sokoni na namna tatu za kusifu chakula. Kutukanana, kuomboleza na kukataa hakuwafundisha. Hayo yalikuwa ya chumba cha ndani, na mgeni akishashiba sifa haulizi kama nyumba ina chumba kingine.

Jumatatu ilikuja barua ya Ofisi ya Mlango. Ilikuwa na swali moja: je, mgeni Hanneke, anayehesabu ndege bwawani, ameshasikia?

Kila mtu mjini alijua uzito wa swali hilo. Mgeni asiyesikia, asiyeelewa lile ambalo hakuambiwa, hukaa apendavyo. Mgeni aliyesikia huagwa. Hupigiwa ngoma, hupewa mkeka na kuku, husindikizwa kwa nyimbo nzuri hadi nje ya lango, na lango hufungwa nyuma yake. Nyumba ambayo mgeni anasikia hadi chumbani, walisema wakubwa, ni nyumba isiyo ukuta. Jibu lilitakiwa Alhamisi.

Hanneke alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, mwenye miwani, mwenye kutembea shingo mbele na mabuti ya tope. Alikuwa amepanga chumba cha uani kwa Sengondo mwezi wa kumi na nne sasa. Alitaka kubaki. Alimwambia Sengondo hivyo siku moja akimenya muhogo: kwao hapakuwa na mtu aliyesalia wa kumwita kwa jina lake, na hapa walau watoto waliliita jina hilo kwa kelele hata kama walilipinda.

Jumanne walikwenda pamoja kwa Bi Siwema, muuza vitumbua wa pembeni mwa soko. Nduguye Bi Siwema, Lubuva, karani wa dirishani katika Ofisi ya Mlango, alikuwa pale tayari, mdomo umejaa.

"Shikamoo, Bi Siwema," alisema Hanneke.

"Marahaba, mwanangu! Jamani, msikieni! Huyu anatushinda sisi wenyewe!" Kisha akamgeukia nduguye, na sauti ikabadilika kama kisu kilichogeuzwa upande wa makali. "Na wewe, kitumbua cha nne hicho, mkeo amehama na sufuria? Ondoa kiwiko chako hapo. Tazama shati: kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Mtu mzima, karani wa serikali!"

"Dada, njaa haina kola."

"Njaa haina, aibu inayo. Mwalimu, karibu kiti. Unaendeleaje na hilo koti lako zuri? Na unavyoongea, mtu asikilize tu asichoke."

Sengondo akakaa, ameridhika. Bi Siwema akageuza vitumbua, na bila kuinua macho akanong'ona upande wa nduguye, haraka haraka, kwa ile sauti ya chumbani ambayo haikusudiwi kwa mgeni: "Mwone anavyokula. Kama korongo aliyeokota miwani ya marehemu."

Hanneke akacheka.

Alicheka kutoka tumboni, mafuta yakamtiririka kidevuni, na alicheka kabla ya Lubuva. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Upawa wa Bi Siwema ulisimama hewani. Lubuva aliacha kutafuna. Kikaangoni mafuta yaliendelea kuchemka peke yake, kama mtu ambaye hajaambiwa habari.

"Amecheka nini?" aliuliza Lubuva taratibu.

"Kitumbua," alisema Sengondo. "Amefurahia kitumbua."

"Aa."

"Anajua sana huyu," alisema Bi Siwema, lakini safari hii hakushika kifua.

Njiani kurudi, Sengondo alijiuliza. Kwa nini alimkingia kifua? Hakujua. Alimtazama yule mwanamke akitembea mbele yake na daftari lake kwapani, daftari asiloachana nalo, na shaka ikampanda polepole kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Mtu anayekuja kutoka mbali akajifunza lugha yako anataka nini? Asiyeijua hukuomba maji kwa ishara, ukampa, mkaachana. Anayeijua anataka zaidi ya maji. Mwindaji naye hujifunza mlio wa kwale. Hajifunzi ili waongee. Amekaa miezi kumi na minne akihesabu ndege. Ni ndege gani hao wasiokwisha? Nani anamlipa mtu kuhesabu vitu ambavyo havimhusu? Na mtu akishasikia kila kitu, huenda kumwambia nani? Na mimi, niliyemfungulia sebule, nimemfungulia nani? Aliyeshika ufunguo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Jumatano asubuhi Hanneke alikwenda bwawani, akasahau daftari barazani. Au hakusahau. Sengondo alilizunguka mara tatu, kama kuku anavyomzunguka nyoka aliyekufa, kisha akaketi, akalifungua.

Hayakuwa maneno. Hawakuwa ndege. Zilikuwa hesabu, siku kwa siku, kwa mwandiko mdogo ulionyooka.

*Jumanne. Mimi: nimesifiwa mara kumi na moja. Mwalimu: amesifiwa mara tisa. Bi Siwema: hakuna. Lubuva: hakuna, amegombezwa mara sita.*

Akafungua ukurasa wa nyuma. *Jumamosi, harusini. Mimi: mara kumi na tisa. Mwalimu: mara kumi na nne. Wengine wote: hakuna.* Akafungua wa nyuma zaidi, na wa nyuma zaidi. Majina yalibadilika. Mawili hayakubadilika, lake na la yule mwanamke, yakitembea pamoja kurasa zote kama watu wawili waliopotea njia moja.

Alisoma kwanza kama mtu anayesoma habari za mji mwingine. Kisha akahisi baridi kwenye fizi, pale pasipo jino. Alitazama saa ya mkononi mwake ajue amekaa hapo muda gani. Ilisema saa tatu. Akashindwa kukumbuka, yeye aliyeivaa miaka arobaini, kama aliitegea uso wa lango au uso wa chemchemi.

Mabuti yaligonga kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unahesabu nini humu?"

Hanneke aliliona daftari mikononi mwake, hakulidai. "Sifa."

"Za nini?"

"Kazi yangu ni kuhesabu, Mwalimu. Ndege wawili wakitua pembeni mwa kundi, sitazami rangi. Natazama kundi linawafanya nini. Likigombania nao samaki, likiwadonoa, ni wa pale. Likiwapisha, ni wapitaji."

"Mimi si ndege."

"Hapana, Mwalimu."

"Nina miaka arobaini na mmoja hapa. Nilikuja na wachonga barabara, nikiwa na kijiko na blanketi. Nimeoa hapa. Nimezika hapa!"

"Najua. Ndiyo maana nilifikiri nimekosea. Nikahesabu tena."

"Na hesabu hii unampelekea nani?"

"Sina wa kumpelekea," alisema, akanyoosha mkono kulipokea daftari.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Miezi kumi na minne alikuwa akipokea na kutoa kwa mkono huo, kwa wazee, kwa mashehe, kwa wafiwa, na mji mzima ukitabasamu. Sengondo naye alikuwa akitabasamu. Sasa hakutabasamu.

"Mkono gani huo?" alifoka. "Mtu mzima anakupa kitu, unampa kushoto? Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Hanneke kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyenikataza."

Akabadilisha mkono. Macho yake yalilowa, na Sengondo akadhani amemuumiza, mpaka alipomsikia akisema ahsante, ahsante, kama mtu aliyekuwa akigonga mlango muda mrefu hadi akasikia ndani kikohozi.

Baadaye Sengondo alikwenda chemchemini peke yake kutazama. Maji hayakuwa yameshuka hata ukucha. Hilo nalo alilitilia shaka.

Alhamisi alikwenda kwa Bi Siwema. Ilikuwa siku ya gulio. Nyuma yake soko lilikuwa limefurika vitunguu, mikungu ya ndizi na kelele, na gulio la mji ule halikuwahi kukaa siku nyingine isipokuwa Alhamisi.

"Bi Siwema, leo Jumatatu, sivyo?"

Bi Siwema alitazama gulio. Akamtazama Sengondo. "Naam, Mwalimu. Jumatatu."

Hata hivyo, alijiambia, huenda ni mzaha, huenda ni uchovu. Akavuta pumzi, akasema jambo ambalo angelisema mtu mwingine mahali pale angepigwa upawa.

"Nilikuwa nawaza tu. Hii chemchemi yetu. Aliichimba babu yangu."

Mji mzima ulijua ni babu yake Bi Siwema aliyeichimba, siku arobaini, kwa jembe la mpini wa mkwaju, akafia humo. Jembe lenyewe lilikuwa limetundikwa juu ya mlango wa bibi huyo. Kitumbua kimoja kiliungua kikaangoni, naye hakukigeuza. Mdomo wake ulifunguka. Sengondo aliungoja mdomo ule kama mkulima anavyolingoja wingu.

"Yawezekana, Mwalimu," alisema Bi Siwema. "Wewe ndiye uliyesoma. Na unavyoeleza, raha tupu."

"Bi Siwema, nitukane."

"Astaghafirullahi! Nikutukane wewe? Nimerukwa na akili?" Akafunga vitumbua viwili vya moto kwenye jani, akaongeza cha tatu, kama anavyofungiwa mtu mwenye safari ndefu. "Chukua, Mwalimu. Vya bure hivi. Nenda salama."

Alikwenda akaketi kwenye kiti chake kinachoyumba. Mtu huwa mwenyeji siku gani? Siku anayofika? Siku anayooa? Siku anayozika? Nilizika. Nilibeba jeneza kwa bega hili. Walinisifu jinsi nilivyolibeba.

Mwanakheri hakunisifu. Hapana, hata mara moja. Usiku, blanketi limetufunika, alikuwa akininong'onea: leo msibani ulisimama mlangoni, husimami, unakaa chini na wenzio. Leo ulimwita shemeji kwa jina lake. Leo ulicheka mapema. Kila usiku, miaka thelathini na mitatu. Nikidhani ni ukali wa ndoa. Nikigeukia ukutani.

Karibu na mwisho aliuliza, nikiondoka nani atakuambia? Nikadhani ni homa.

Na kila mwaka, mwezi kama huu, alikuwa akiandika barua. Nilimwona. Mstari mmoja, anaikunja. Nikamuuliza ni ya nani, akasema, ya watu wa ofisi, wanauliza upuuzi. Walikuwa wakiuliza nini, Mwanakheri? Walikuwa wakiuliza habari za nani? Ulikuwa ukiwajibu *bado*? Mwaka wa kwanza bado, mwaka wa thelathini bado, ili ngoma zisipigwe, ili nisipewe mkeka na kuku? Na miaka hii sita nani ameandika? Au hawakuuliza tena, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba mtu huyu hatasikia maisha?

Basi leo nimesikia.

Sengondo akavuta karatasi. Shaka yake, iliyokuwa imemlalia yule mwanamke wa uani siku tatu, ilikuwa imeinuka, ikazunguka mji wote nyumba kwa nyumba, na sasa ilikuwa imerudi kukaa mapajani mwake kama paka wa nyumbani. Aliandika kwa wino mweusi, bila kufuta:

*Kwa Ofisi ya Mlango. Mmeuliza juu ya mgeni Hanneke. Jibu ni bado. Alichekea kitumbua. Nitawajulisha, na msiulize mwingine. Mimi mjibu wenu, Sengondo, mzaliwa wa mji huu, mjukuu wa yule aliyeichimba chemchemi.*

Aliisoma mara mbili. Uongo wa kwanza ulikuwa wa kumlinda Hanneke, kama yeye alivyolindwa. Uongo wa pili ulikuwa mtego. Wakimwandikia kwamba amedanganya, kwamba alikuja na kijiko na blanketi, watakuwa wamemwambia yeye si wa pale. Lakini watakuwa wamemkosoa, na anayekosolewa ni wa pale. Wakimjibu kwamba barua yake ni nzuri, atakuwa amepata jibu pia.

Aliikunja, akaitia katika bahasha, akayeyusha lakiri kwenye mshumaa. Tone likamuunguza dole gumba. Alibonyeza muhuri wake, akavaa koti, akatoka. Hanneke alikuwa akirudi kutoka bwawani. Akamfuata nyuma bila kuitwa, hatua kumi, kisha tano.

Ofisi ya Mlango ilikuwa chini ya mnara. Dirishani alikaa Lubuva, na shati lake bado lilikuwa na kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Nyuma yake ukutani palikuwa na bomba la shaba lililopanda hadi ndani ya saa. Barua zilinyonywa humo. Aliyezisoma huko juu hakuna aliyewahi kumwona akishuka.

"Karibu, Mwalimu. Umewahi." Lubuva aliipokea bahasha, akaigeuza mbele na nyuma. Macho yake yalisimama mahali fulani. Yakaondoka hapo. "Safi kabisa. Kweli hii ni barua ya mtu aliyesoma."

"Mwalimu," alisema Hanneke nyuma yake.

"Nini?"

"Lakiri umeipiga mbele. Imefunika anwani. Hupigwa nyuma."

Lubuva alipauka kana kwamba mtu amepigwa kofi mbele yake. "We mama! Mwalimu hasemwi hivyo!"

Sengondo aliinama akaitazama bahasha. Kweli. Donge jekundu lilikuwa limelala juu ya jina la ofisi, nono, la kujivuna, na hapakuwa na mtu mwenye macho ambaye asingeliona. Miaka sita, alijiambia. Miaka sita hakuna aliyeniambia. Hakujua kama yule mwanamke alisema kwa upendo au kwa mazoea ya kuhesabu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakutaka kujua.

"Kingine?" aliuliza bila kugeuka.

"Na ukope wa koti... hapana. Samahani. Ukosi wa koti. Umekunjika."

"Unyooshe."

Akaunyoosha. Kwa mkono wa kulia.

"Nikuletee bahasha nyingine, Mwalimu?" aliuliza Lubuva, sauti imekauka.

"Hapana. Ipeleke ilivyo, tuone huko juu watasema nini. Na hicho kifungo chako, Lubuva, kitoe hapo kilipo. Dada yako amesema tangu Jumanne."

Lubuva alishika kifua, lakini hakikuwa kifua cha kusifu. Alikuwa akitafuta kifungo. Juu ya vichwa vyao saa iligonga, mara moja upande wa chemchemi, mara saba upande wa lango, na pale chini ya ukuta wa unene wa shibiri moja zilisikika zote nane. Karani akaiweka bahasha kwenye mdomo wa bomba, lakiri mbele, anwani imezibwa. Hewa ikaivuta, ikapanda ikigonga shaba huku na huku, ikaenda.